Feni sita na bado mashine inachemka? Kwanza jua hewa inaingilia wapi

"Habari fundi. Mimi naediti video za harusi na ruracio hapa Umoja, Nairobi, na kazi yangu yote iko kwa desktop moja niliyonunua tao Julai mwaka jana. Prosesa ni Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ni RTX 3060, keisi ni ile ya kioo mbele na kioo ubavuni, na feni sita za taa, tatu ubavuni kando ya mazabodi (ile bodi kuu), mbili juu, moja nyuma. Pete za taa zote zinatazama ndani, inapendeza sana. Mwanzo ilikuwa sawa, lakini tangu Januari nikianza kutoa video ya saa moja unusu prosesa inafika digrii 90 na kadi 84, feni zinapiga kelele kama posho mili, na kazi iliyokuwa inaisha kwa dakika 35 inachukua karibu saa nzima. Wiki jana ilizima ghafla mara moja. Ndani kumejaa vumbi na mimi huifunika na kitambaa juu. Binamu yangu anasema niongeze feni tatu chini kuna nafasi, jirani anasema nitoe kioo niwashe feni ya nyumba, na aliyeniuzia anataka niweke ile ya kupoza na maji. Nifuate nani? Na inaweza kuungua?"

Pole sana dadangu, na asante kwa kuandika na namba zako zote, sababu hizo dakika 35 zilizogeuka saa nzima zimenieleza mengi kuliko ungesema tu "inapata moto". Najua hofu yako si ya mashine peke yake, ni ya yule bibi harusi atakayepiga simu Jumatatu kuuliza video yake imefika wapi. Kwa hivyo nianze na la kukutuliza, hiyo mashine haitaungua leo kwa hizo digrii. AMD wenyewe, watengenezaji wa prosesa yako, wameweka digrii 90 kuwa mwisho wa Ryzen 5 5600, ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isipite, na hapo ndo dakika zako zinapotelea. Hiyo RTX 3060 nayo Nvidia wameiandikia mwisho wa digrii 93, so 84 ni joto jingi lakini si moto wa kuita zimamoto. Kile kinachokuumiza saa hii ni muda na kelele, alafu baadaye feni na vitu vingine vitachoka mapema kwa kuishi kwa joto.

Sasa naomba usinunue kitu bado. Ukisema pete zote za taa zinatazama ndani, hata zile tatu za ubavuni, mimi nashuku feni zako zote sita zinatoa hewa nje na hakuna hata moja inayoingiza.

Nieleze venye nimejua. Chukua feni moja uitazame karibu, pande zote mbili. Upande mmoja uko wazi, pangaboi, yaani yale mapanga yanayozunguka, zinaonekana zote bila kitu mbele yake, na hapo ndo watengenezaji huweka sura nzuri na pete ya taa. Upande ule mwingine una mikono minne hivi ya plastiki inayoshika mota katikati, na mara nyingi kuna stika imeandikwa volti na ampea, na waya inatokea hapo. Feni ya kawaida huvuta hewa kutoka upande ulio wazi na kuitupa upande wa mikono. Zingine zina mishale miwili midogo imechorwa kwa fremu, mmoja unaonyesha pangaboi zinazungukia wapi na mwingine hewa inaenda wapi, lakini hata bila mishale kumbuka tu mikono, hewa inatokea kwa mikono. Sasa weka feni hiyo ubavuni sura nzuri ikitazama ndani ili ionekane kupitia kioo, itafanya nini? Itavuta hewa ya ndani na kuitupa nje. Ya nyuma na za juu ziko sawa hivyo, kazi yao ni kutoa. Lakini zile tatu za ubavuni, kwa keisi za aina yako ambazo mbele zimezibwa na kioo, ndo mdomo wa mashine. Aliyeziweka alitaka taa zipendeze, na zimependeza kweli, ila mdomo umegeuzwa ukawa pua ya pili.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe jioni hii. Rarua kipande chembamba cha tishu, kama upana wa kidole na urefu wa kiganja, washa mashine, alafu kishike kwa ncha moja karibu na feni za ubavuni kutoka nje. Tishu ikivutwa ikajibandika kwa wavu, hewa inaingia. Ikipeperushwa mbali na keisi, hewa inatoka. Nenda kwa kila feni, zote sita, na uandike kwa karatasi. Kama uko na udi nyumbani ni nzuri zaidi, moshi wake unauona ukikunja kona na kupotelea ndani, ila ushike mbali kidogo majivu yasiingie. Wateja wengi wakija kwangu na keisi za vioo naanza na hii tishu kabla hata sijashika bisibisi, na kila mara mwenye mashine akiona tishu inapeperushwa mahali alidhani hewa inaingia ananyamaza kwanza.

Sasa tuelewe joto lenyewe, sababu ukilielewa hautahitaji kuuliza binamu wala jirani. Stima yote inayoingia kwa prosesa na kadi inageuka joto, yote, hakuna inayopotelea kwa video. Hiyo 5600 ikifanya kazi yote inakula mpaka wati 76, na RTX 3060 wati 170, jumla karibu wati 250. Zile balbu za zamani za wati 100, weka mbili na nusu ndani ya boksi la kioo ufunge, hiyo ndo hali. Kile kidude cha chuma juu ya prosesa, hitisinki, na kile cha kwa kadi, havipotezi joto, vinalihamisha tu kutoka kwa chipu mpaka kwa hewa iliyo ndani ya keisi. Basi. Kama hewa hiyo haiondoki na mpya haiji, hitisinki ni kama inaoshwa na maji machafu, feni yake inarudisha joto lilelile, ndo maana unaisikia inakimbia kama posho mili na digrii hazishuki.

Hewa kiasi gani? Hii hesabu naipenda. Kuondoa wati 250 huku hewa ya ndani ikizidi ya chumba kwa digrii 10 tu, hapa Nairobi unahitaji karibu lita 25 za hewa kila sekunde. Fikiria mtungi wa lita 20 na robo ya mwingine, kila sekunde moja unaingia na mwingine kama huo unatoka. Kule Mombasa ingekuwa lita 21 hivi, sababu sisi tuko juu ya bahari mita 1,700 na hewa yetu ni nyepesi, feni inazungusha ujazo uleule lakini ndani yake kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Watu hudhani Nairobi ni baridi kwa hivyo mashine haziwezi kuchemka. Baridi inatusaidia ndio, lakini wepesi wa hewa unachukua sehemu ya huo msaada. Na ulinunua Julai, dadangu, wakati sisi wote tulikuwa tunavaa sweta mbili, saa hii ni kiangazi na kila digrii inayoongezeka kwa chumba inaongezeka pia ndani ya mashine, karibu moja kwa moja. Hiyo ndo sababu ya kwanza ya "mwanzo ilikuwa sawa". Sababu ya pili ni vumbi, nakuja hapo.

Hiyo mitungi lazima iingie ndo itoke. Feni sita zikitoa zote, keisi inakuwa kama chupa unayoinyonya na mdomo, hewa ya nje inalazimika kupenya popote, kwa mianya ya vioo, kwa matundu ya USB, kwa zile nafasi za nyuma chini ya kadi ya grafiki. Inaingia, lakini kidogo, na haipiti penye joto liko, inaingia kona ikatokea kona. Na inakuja na vumbi sababu mianya hiyo haina chujio. Fungua kioo uangalie nyuma kwa zile bati za nafasi za kadi, nina uhakika utakuta mistari myembamba ya vumbi imejichora pale kwa mwanya, imenyooka kama imepigwa na rula. Na kwa vumbi ya Umoja itaonekana vizuri. Hiyo mistari ni alama za hewa ikivutwa kwa nguvu mahali haikupangiwa kupita.

Hapo unaona kwa nini "feni ni nyingi" haimaanishi kitu. Ukiwa na mbili zinazoingiza na moja inayotoa, zikiwa zimepangwa kwa njia moja, utapata digrii nzuri kuliko sita zinazovutana. Kwa boksi la feni ya milimita 120 utaona imeandikwa CFM 50 (futi za ujazo kwa dakika) au hapo karibu, hiyo ni kama lita 24 kwa sekunde, lakini ni hewa huru bila kitu mbele, ukiweka wavu, chujio na kioo hapo mbele yake inapungua sana. So mbili tatu za kuingiza zinatosha mashine kama yako, na kutoka hapo kila feni unayoongeza inakuletea faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Kuna imani ingine nataka niitoe, sababu aliyekuuzia anaweza kukuambia. Ati joto hupanda juu lenyewe, kwa hivyo feni zote zitoe juu na hewa itajipanga. Ni kweli hewa ya moto hupanda, lakini kwa nguvu kidogo sana, feni moja ndogo inaishinda bila jasho. Kwa keisi yenye feni, hewa huenda penye feni imeisukuma. Kutoa hewa juu ni vizuri, lakini si kwa sababu ya kupanda, ni kwa sababu juu na nyuma ndo pako mbali na mlango wa kuingilia, kwa hivyo hewa inapita kwa prosesa na kadi kabla haijafika nje.

Hapo hapo juu kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalioni. Hizo feni zako mbili za juu, moja iko karibu na nyuma, ingine karibu na mbele. Ile ya nyuma iko sawa kabisa. Ile ya mbele, ukishageuza za ubavuni ziingize, itakuwa inanyakua hewa baridi iliyoingia sasa hivi na kuitupa juu kabla haijafika kwa prosesa. Mimi ningeitoa hiyo, nikaziba tundu lake na kipande cha kartoni na selotepu vizuri kwa ndani. Utabaki na tatu za kuingiza na mbili za kutoa, na hiyo ndo mizani ninayoipenda kwa nyumba za Nairobi, sababu hewa ikiingia nyingi kidogo kuliko inayotoka, kwa mianya inatoka badala ya kuingia, na vumbi inabaki kwa chujio pahali utaiosha. Ukiwa hauna chujio ubavuni tafuta zile za sumaku za kubandika, ni kitu cha bei ndogo. Watu hutumia stokin, na inashika vumbi ndio, lakini ikijaa inaziba hewa haraka kuliko wavu, ukiiweka lazima uiangalie kila wiki mbili.

Tuje kwa jirani. Kutoa kioo si ujinga, na mimi mwenyewe hufanya hivyo, lakini kama kipimo. Toa kioo, alafu rudia kazi ya kutoa video ileile, angalia digrii. Zikishuka mbili tatu, njia yako ya hewa iko sawa na shida iko kwingine, labda kwa hitisinki. Zikishuka kumi au kumi na tano, keisi yako inakosa pumzi, na hapo umepata jibu bila kulipa mtu. Kuiacha hivyo ikae wazi na feni ya nyumba ikipuliza ni kuialika vumbi ya Umoja iingie moja kwa moja mpaka kwa kadi, na kama kuna mtoto ndani ya nyumba kuna vidole. Usiku mmoja wa kazi ya haraka sawa, maisha yake yote hapana. Na hiyo feni ya nyumba ukiitumia iweke mbali kidogo, upepo wake mkali ukiingilia upande mmoja unaweza kuzuia feni ndogo badala ya kuzisaidia.

Kitambaa nakielewa kabisa, mamangu pia alifunika redio na televisheni na vitambaa vya krosheti na vilikuwa vinapendeza. Redio haikuwa na feni juu. Yako iko na mbili hapo, na kitambaa hata cha matundu kinazirudishia joto lake. Weka kitambaa usiku mashine ikiwa imezimwa, asubuhi ukiwasha kitoe. Na kama tower, yaani hiyo keisi yako, iko kwa ile nafasi ya meza yenye mlango, itoe huko. Kuna kijana wa mtaa wa Pipeline aliniletea mashine mara mbili na kwangu haikuwa inaonyesha shida yoyote, mara ya tatu nikamwomba aniletee picha ya mahali inakaa, ikawa ni kwa kabati ya meza, nyuma imezibwa na ubao. Nikamwambia aweke kipima joto mle ndani akiwa anacheza gemu. Kilisoma 41. Prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayooshwa nayo, ukianzia 41 umeshapoteza digrii 15 kabla ya kuwasha chochote. Hatukubadilisha kitu, tulihamisha tower ikakaa wazi kando ya meza, sentimita 15 kutoka ukutani, na haijarudi kwangu.

Binamu hajakosea sana. Feni za chini zikiingiza hewa zinapuliza moja kwa moja kwa feni za kadi ya grafiki, na hiyo ni msaada wa kweli, kadi ndo inatoa joto jingi kuliko kitu kingine chochote hapo ndani. Lakini kuna masharti. Keisi iwe na miguu mirefu ya kuacha hewa ipite chini, isikae kwa kapeti, na kuwe na chujio chini sababu pale ndo vumbi iko. Na ziwekwe mikono ikitazama juu, yaani utaona mgongo wa feni, si pete ya taa. Ukitaka taa zionekane na hewa iingie, uliza feni za riversi, zile pangaboi zake zimepindwa upande mwingine ili sura nzuri iwe upande wa kutolea hewa. Hiyo ni suluhisho halali hata kwa zile tatu za ubavuni kama hautaki kuona mikono. Lakini subiri, geuza kwanza, pima, alafu kadi ikibaki juu ya 80 ndo uongeze mbili chini. Tatu si lazima.

Ya maji mimi singenunua kwa hiyo prosesa. Si kwamba ni mbaya, kwa prosesa inayokula wati 200 ningekuambia uchukue. Lakini wati 76 zinabebwa vizuri na hitisinki ya mnara, ile ndefu iliyosimama, yenye feni moja ya milimita 120, na haina pampu ya kufa baada ya miaka kadhaa. Na hata ukiweka maji, radieta yake, pale maji yanapopozwa, itataka hewa ileile ya keisi ambayo saa hii haiko, utakuwa umehamisha shida kutoka katikati ukaipeleka juu. Kadi yako nayo haitapata hata tone la hayo maji.

Hitisinki ninayodhani uko nayo ni ile fupi ya duara inayokuja kwa boksi ya 5600, Wraith Stealth. Inafanya kazi, AMD hawajakudanganya, lakini kwa mtu anayetoa video saa nzima kila siku iko kwa mpaka wake. Kama baada ya kurekebisha hewa bado unataka kutumia pesa kidogo, pesa yako ya kwanza iende kwa hitisinki ya mnara.

Kazi yenyewe ya kugeuza sasa. Zima, chomoa waya ya stima ukutani, bonyeza batani ya kuwasha sekunde chache umalize chaji iliyobaki, gusa bati ya keisi mkono wako utoe stima ya mwili. Piga picha za nyaya zote kabla ya kuchomoa, picha nyingi, utanishukuru. Kila feni iko na skurubu nne. Geuza, rudisha, usikaze kwa nguvu sana plastiki isipasuke. Kwa nyaya kuna mbili kwa kila feni, moja ya kuzungusha na ingine ya taa, na hapa tafadhali uwe makini kuliko mahali pengine popote: taa za pini tatu zinatumia volti 5 na taa za pini nne zinatumia volti 12, ukilazimisha ya volti 5 kwa soketi ya 12 taa zinaungua papo hapo. Kama ulikuta zimeunganishwa kwa kidude kimoja cha kukusanya nyaya, zirudishe hapo hapo tu kwa nafasi zao. Na kama unataka kuunganisha feni kadhaa kwa soketi moja ya mazabodi, soma ampea kwa stika ya kila moja ujumlishe, soketi nyingi mwisho wake ni ampea 1.

Ukiwa umefungua, toa vumbi. Brashi laini ya rangi ambayo haijatumika na blowa ya mkono zinatosha. Shika pangaboi na kidole zisizunguke ukipuliza, sababu feni ikizungushwa na upepo inageuka jenereta na inaweza kurudisha stima kwa mazabodi, na beringi zake pia zinaumia. Hitisinki angalia katikati ya mapezi chini ya feni, huko vumbi hujikusanya ikawa kama blanketi, feni inazunguka juu lakini hewa haipiti. Tafadhali usiipeleke petroli stesheni kupulizwa na ile ya magurudumu. Najua watu wanafanya, na wengi wamebahatika, lakini ule upepo uko na nguvu ya gari na mara nyingi unakuja na matone ya maji kutoka kwa tangi, nimeona mazabodi yenye kutu kwa pini baada ya hapo.

Alafu pima, na upime kwa haki. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, ni ya bure, toa video ileile uliyotoa juzi, saa ileile ya siku, acha dakika 20, andika joto la prosesa, la kadi, na la chumba. Kutoka hapo badilisha kitu kimoja tu kati ya kipimo na kipimo, ukibadilisha vinne siku moja hautajua ni kipi kimesaidia. Nikisoma swali lako naona dalili zote zinaelekea upande mmoja, kwa hivyo natarajia tofauti utaiona kwa kipimo cha kwanza baada ya kugeuza. Kwa BIOS, ile menyu ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka, pia angalia feni zimewekwa zifuate joto, zianze polepole na kupanda taratibu. Kelele hupanda haraka kuliko hewa, feni tatu zikitembea polepole zinaleta hewa ya moja inayokimbia na hautazisikia ukiwa unasikiliza hotuba ya wazee kwa video.

Hiyo ya kuzima ghafla nimeiacha mwisho sababu inanisumbua kuliko zile zingine zote. Prosesa ikipata moto inapunguza kasi kwanza, kuzima kabisa ni hatua ya mbali, na 90 kwenye 5600 ni mahali pa kupunguza si pa kuzima. Kwa hivyo mashine ikizima tap bila kuonya, mimi nashuku pawa saplai, lile boksi linalogawia mashine stima, au stima yenyewe ya nyumba. Ilikuwa siku stima inapepesa kwa ploti yenu? Kama majirani hawakupotelewa, soma stika ya pawa saplai yako. Kwa RTX 3060 Nvidia wanapendekeza wati 550, na kuna pawa saplai huja bure na keisi imeandikwa namba kubwa kwa stika na ndani ni nyepesi kama boksi tupu. Nayo pia inaumia na joto la keisi, kwa hivyo kugeuza feni kunaweza kuisaidia, lakini ikizima tena huku HWiNFO inaonyesha prosesa 70 na kadi 75, hiyo si hewa tena na usiendelee kuijaribu na kazi ya mteja.

Hapo ndo nataka uende kwa fundi, ana kwa ana. Pia uende kama prosesa inaruka mpaka 90 sekunde chache tu baada ya kuanza kazi, hiyo huwa ni pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, imekauka au hitisinki haijakaa vizuri, na kama haujawahi kuitoa usijifunze na mashine unayoitegemea, kwa hizi prosesa za AMD hitisinki inaweza kung'oka na prosesa yake imeng'ang'ania na ukapinda pini. Uende kama kuna harufu ya kuungua, au feni ya kadi inakwaruza au imesimama wakati kadi iko moto. Na pawa saplai usiifungue kamwe, wala usikubali fundi wa mlangoni aifungue hapo mezani, kapasita zake zinashika stima ya kuumiza mtu hata ikiwa imechomolewa. Kabla ya yote hayo tafuta risiti yako ya Julai uone kama warranti bado inasimama, na uulize kama kufungua stika kunaivunja. Kazi za wateja zihifadhi kwa diski ya nje leo usiku, kabla ya tishu, kabla ya bisibisi.

Ukishageuza niandikie zile namba tatu, prosesa, kadi na chumba, na aina ya pawa saplai venye imeandikwa kwa stika, nitakuambia kama hizo feni mbili za chini unazihitaji.